Fundi wa Resho, Katuba

Leo wameniletea resho saba.
Moja ina panya aliyekaukia ndani.
Nyingine waya wake umefungwa kwa plastiki ya sukari,
na plastiki imeyeyuka, imekuwa ngozi nyeusi.
Nauliza: ya nani hii?
Wote wanatazama chini.

Ndivyo kipupwe kinavyofika Katuba,
si kwa mvua wala radi,
ni kwa vumbi jekundu na midomo iliyopasuka,
na maji ya ndoo yanayouma vidole
kama kitu chenye meno madogo.
Anayesema Kongo yote ni joto
mleteni hapa saa kumi na moja alfajiri, bila soksi.

Nafungua resho, nahesabu mizunguko ya waya.
Ukiiva ukawa mwekundu unapendeza, sikatai,
nami hunyoosha viganja.
Lakini nawaambia, skrubu zikiwa mdomoni:
usiisogeze kitandani kama bibi harusi.
Hatua nzima ya mtu mzima, ndipo godoro lianze.
Nepi za mtoto zina kamba yake uani.
Na usiichomeke kwenye ule mti wenu wa plagi,
plagi juu ya plagi, redio, simu nne, pasi ya jirani:
tundu moja la ukuta
haliwezi kunyonyesha watoto wote hao.

Wanalipa, wanacheka. Fundi anahubiri.

Kisha umeme unakatika,
na hapa ndipo watu husahau.
Umekatika saa mbili, resho imepoa,
unaisukuma kwa mguu, unatafuta mshumaa,
unalala na koti. Swichi umeiacha ilivyo.
Saa tisa usiku umeme unarudi bila kubisha hodi.
Hakuna aliye macho kuupokea
ila blanketi lililoteleza.

Chomoa. Hata gizani. Hasa gizani.

Na makala?
Haya, nimefika kwenye makala. Sikutaka kufika.
Dada yangu Mwewa aliingiza mbabula ndani
mwaka aliokuwa na kichanga,
mlango wa bati ukipitisha upepo kama chujio.
Aliyapepea uani mpaka moshi wote ukaisha,
akasema: sasa ni safi, yamebaki mekundu tu.
Akaziba upenyo wa dirisha kwa kitenge chake cha harusi.
Hapo ndipo makala yanapodanganya.
Kinachobaki moshi ukiondoka
hakina rangi, hakina harufu, hakikukohozi.
Kinakubembeleza tu. Kinakwambia lala.

Aliyetapika ni Kaloba, wa miaka sita.
Mwewa akakasirika, mashuka nimeyafua leo!
akamburuta nje akamwoshe,
miguu ikamkatalia kizingitini, akaanguka
nusu ndani, nusu kwenye baridi.
Ile baridi ikampiga kofi.
Akarudi kwa kutambaa kumchukua mdogo.

Wote wapo. Kaloba sasa ananizidi urefu,
anakula bukari ya watu watatu.
Mwewa hazungumzii usiku ule.
Kitenge alikikata vipande;
kimoja ndicho ninachofutia bisibisi.

Saa nne. Nimefunga resho ya saba,
ya yule asiyejitaja; waya mpya nimemtilia bure.
Mbabula yangu iko uani, chini ya majivu,
ipumue peke yake.
Nimechomoa kila kitu, nimegusa plagi kwa kiganja: baridi.
Dirisha nimeliacha wazi, upana wa kidole gumba.
Upepo unaingia, unanikuta na mablanketi mawili na kofia,
unanishika pua.
Ingia, nauambia.
Wewe angalau ukiingia tunajua.