Springi

Datsun ya marehemu Mjaka imerudi gerejini Limbani,
namba sabini na moja ubavuni, rangi imebanduka,
saba imebaki mkia tu.
Mwanawe, Ngwali, kaileta kwa kamba nyuma ya gari la mchanga.
"Inachemka, fundi. Bondeni haina neno.
Nikipanda mlima, nikikanyaga, mshale unalala kwenye nyekundu."

Sikugusa spana. Nilisikiliza kwanza.
Gari linaloumwa halisemi uongo,
mwenyewe ndiye husema nusu.

Nikaiacha ipoe, maana anayefungua rejeta ya moto
atakula wali mwezi mzima kwa mkono wa kushoto.
Nikatia kidole: kutu, na ukoko mweupe
wa maji ya kisima, matamu kwa chai, makali kwa chuma.
Kijiti cha oili: nyeusi, si maziwa.
Nikawasha, nikachungulia mdomo wa rejeta:
hakuna viputo. Moshi hauna weupe.
Basi gasketi haijaungua, alhamdulillahi.
Thamostati nikaitia sufuriani juu ya jiko la mke wangu
(kapiga kelele, sufuria ya maziwa ile);
maji yalipokaribia kuchemka ikafumbua jicho
taratibu, kama mtu aliyeamshwa alfajiri.
Nzima.
Feni inavuta. Pampu haivuji. Mkanda umekaza.

Joto la kusimama, laumu upepo.
Joto la kwenda mbio, laumu maji.
Hilo nalijua tangu ndevu hazijaota.
Lakini maji yamo. Yanakwama wapi?

"Labda uzee," Ngwali akasema.
Uzee, nikamjibu, ni jina la ugonjwa
ambao fundi hakuutafuta.

"Kaa kwenye usukani. Piga resi. Zidisha. Usiachie."
Nikainama na tochi, shavu karibu na bampa,
nikauona mpira wa chini, ule mnene,
unaotoa maji kwenye rejeta kupeleka pampuni:
ukanyonywa, ukabonyea, ukabana
kama koo la anayezuia kilio.
"Achia!" Ukajaa tena, mzuri, hauna kosa.
"Piga!" Ukafumba.

Ndani ya mpira ule hukaa springi.
Kazi yake moja tu: kuta zisikutane.
Nikaufungua.
Mtupu.

Hapo jasho likanitoka mie, si injini.
Mpira huu niliufunga kwa mikono yangu
siku Mjaka alipokuwa na haraka ya meli ya Tanga,
mashindano keshokutwa,
nami kijana, nikaiona springi ina kutu, nikaitupa,
nikasema mpira mpya hautaki mifupa.
Akarudi bila kikombe. Ilimzimikia mlimani.
Miaka ishirini na sita akailaumu petroli
barazani, mbele yangu,
nami nikimmiminia kahawa.

"Umeona nini, fundi?"

Nikamwonyesha. Nikamwambia yote, hata kahawa.
Akanyamaza mpaka feni ikamaliza kuzunguka.
Kisha akacheka, kicheko cha babake, kifupi, cha puani:
"Sasa petroli ya Tanga nani ataiomba radhi?"

Nikachukua waya usioshika kutu,
nikauzungusha kwenye bomba mizunguko kumi na tisa,
nikausukuma ndani ya mpira.
Baada ya Alasiri tukapanda mlima, gia ya pili, mguu chini.
Yeye akitazama barabara, mie mshale.
Ukasimama katikati, ukakaa.

Malipo sikuchukua.
Sufuria ya maziwa nimenunua nyingine.