Hesabu Kabla ya Wimbo

Aliibeba amplifaya kama mbuzi mgonjwa,
mikono miwili, kidevu juu yake,
akaitua mezani pangu pale Kiborloni
kati ya pasi mbili na redio ya mchungaji.
"Inakoroma," akasema. Kiswahili cha miezi minane.
Nikaichomeka. Kweli, ilikoroma.

Maëlle. Mpiga ngoma. Miaka kumi na mitatu
nyuma ya migongo ya wanaume watatu, bendi ya roki
iliyozaliwa gereji kwa shangazi, mji wa Nantes,
mvua ikipiga bati kuwashinda.
Mimi nafungua skrubu, yeye anafungua miaka.

Albamu ya kwanza, nakala mia tano;
mia mbili na kumi zingali kwa shangazi, uvunguni.
Ya pili ikashika. Sijui kwa nini, alisema,
labda mwaka ule watu walikuwa na huzuni ya saizi yetu.
Wakalala garini majira ya baridi, Ubelgiji, Polandi,
wakalipwa supu, wakalipwa ahadi,
siku moja wakalipwa kweli, wakamtengeneza Corentin meno.
Ya tatu kampuni iliitia sukari, ikachacha.
Ya nne waliilipia wenyewe,
na ndiyo nzuri kuliko zote, na hakuna aliyeisikia.
Kisha Aurélien akapata mtoto, Thibault akapata benki,
bendi ikafa kifo cha betri ya tochi:
huwezi kusema ilikuwa saa ngapi.

Nyimbo arobaini na moja. Zote kwa Kiingereza.

"Wenye Kiingereza chao walitucheka,
eti tunaimba kama tunatafuna kiazi cha moto.
Na redio za kwetu zina hesabu ya nyimbo za Kifaransa.
Sisi hatukuhesabiwa."

Nikakiweka chini chuma cha kulehemu.
"Sasa kwa nini? Lugha mnayo, tena ya kuringia."
Akatazama nje. Mlima haukuwepo,
Aprili, mawingu yameutia mfukoni tangu Jumatatu.
"Kwa Kifaransa," akasema,
"mama angeelewa."

Sikumjibu.
Nilikumbuka barua yangu kwa Ndeshukurwa,
mwaka wa mtihani, Kiswahili sanifu, tashbihi tatu,
maana neno lile kwa Kivunjo
linanuka jiko la mama, ndizi na kuni mbichi,
hulitamki bila kutumwa maji.
Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri.
Hawakuwahi kuandika barua ya mapenzi.
Yangu ilinisitiri hadi vifundoni.
(Ndeshukurwa aliolewa Marangu. Hilo si kosa la lugha.)

Kapasita ilikuwa imevimba. Nikabadilisha,
elfu kumi na tano, ukoromo ukakoma,
nikampa maikrofoni ya kanisa ajaribu.
Akaisogeza mdomoni:
*un, deux, trois, quatre*,
si sauti ya jukwaani,
sauti ya mtu anayeita watoto ndani, mvua inakuja.
Mwenye duka la mbolea akatoa kichwa mlangoni.
Maëlle akanyamaza, kama aliyejikwaa.
"Kila wimbo nilihesabu hivyo," akasema, "kuwaanzisha.
Mbali na maikrofoni. Haipo kwenye albamu hata moja."

Akalipa, akaibeba, safari hii kama mbuzi mzima
anayekataa kubebwa.

Nikarudi kwenye pasi ya mteja,
skrubu moja moja kwenye kopo la rangi ya viatu,
nikaihisi midomo yangu ikicheza.
Nilikuwa nahesabu. Kwa Kivunjo.
Sijui tangu lini. Labda tangu skrubu ya kwanza.

Mchungaji akaingia kuulizia redio yake.
Nikamjibu kwa Kiswahili:
kesho.