Waliokwenda Rujewa

Pipa nililikata ubavu kwa msumeno wa chuma,
nikalilaza nyuma ya jiko, hapa Uyole,
pale jua la saa nne linapopagusa kwanza.
Lilikuwa pipa la lami. Nikalichoma, nikalisugua kwa mchanga,
nikalijaza maji, nikayamwaga, wiki tatu,
mke wangu akihesabu ndoo kama karani wa bili.

Samaki wenyewe walikuwa wawili.
Alinipa Mwaisumo, hoteli yao ilipofungwa
na tangi la kioo likachukuliwa na muuza simu.
"Hawa ni wa mapambo," alisema. "Baridi yenu itawaua."
Haikuwaua.
Julai, sakitu ilipoweka ukoko juu ya maji,
niliuvunja kwa mwiko nikawakuta chini,
wametulia, mkia haupungi,
kama watu wanaosubiri benki ifunguliwe.

Nilijifunza kwa kukosea.
Walitaga alfajiri, na kabla ya chai
walikuwa wameshakula mayai yao wenyewe.
Mara ya pili nikaning'iniza shungi la katani;
yakanasa humo kama chenga za mchele,
nikalihamishia kwenye beseni.
Wanazaliwa bila dhahabu.
Rangi ya moshi, rangi ya chai iliyopoa:
ukiwaona utasema umetapeliwa.
Miezi inapita. Halafu siku moja, ubavuni,
kitu kinawaka.

Anayewalisha ni Tusekile, binti yangu, miaka mitano.
Anawaita Soksi, Bi Harusi, Kidoa, Mwalimu.
Mimi siwapi majina. Nawapima kwa kidole cha kati:
akikifikia, ametosha.

Jumamosi, ndoo nyuma ya pikipiki,
kifuniko nimekitoboa kwa msumari.
Inyala. Igurusi, navua koti. Chimala,
naongeza maji ya mfereji kikombe kwa kikombe
wasishtuke na joto.
Joto nawahurumia. Ndoana siwahurumii.
Inapita nyuma ya pezi la mgongo, isiguse uti,
ili aendelee kuogelea, ahangaike, aite.
Kambare wa Usangu haoni kitu kwenye tope lile;
anasikia kwa ndevu.
Sijui basi kwa nini nataka chambo king'ae.
Labda ni kwa ajili yangu.

Wanaobaki siwamwagi mtoni. Mto ule si wao.
Napanda nao tena hadi kwenye baridi.

"Baba, Soksi yuko wapi?"
"Amekwenda Rujewa."
Nikamwonesha kambare, nikamtekenya kwa ndevu zake,
akacheka, tukala.
Likawa neno la nyumba.
Sahani ikivunjika, imekwenda Rujewa.
Betri za redio zimekwenda Rujewa.
Hata mshahara wangu, mke wangu anasema, tarehe kumi tu,
umeshavuka Igawa.

Mwezi wa tano tulimzika mama yake.
Jeneza likashushwa kwa kamba,
na Tusekile, begani kwangu, akauliza kwa sauti,
mbele ya mchungaji na mashemeji wote:
"Bibi naye anakwenda Rujewa?"

Walioelewa tulikuwa wawili.
Mke wangu alinitazama. Mpaka hapo hakuwa amelia.

"Hapana," nikasema. "Bibi anabaki hapahapa."
Mtoto akafikiri.
"Basi hakufika kidole."

Jumamosi ile sikwenda, wala iliyofuata.
Pipa likajaa, maji yakaanza kunuka,
wakubwa wakawatafuna wadogo mikia.
Na mboga, wiki ya tatu, ilikuwa majani ya maboga
na majani ya maboga.

Leo nakwenda.
Nimeamka saa kumi, sikuwasha taa.
Nimezamisha kikapu nikachota bila kupima,
maji yananiuma mpaka kwenye kiwiko,
nawasikia wanagongagonga ndooni.
Sijui nimemchukua nani.
Nafunika haraka, kabla kweupe hakujapambazuka
nikamjua.