Kofia ya Sufu

Saa kumi na moja kasoro dakika kumi
bwawa bado lina usingizi, nami nalipasua.
Meta elfu tatu kabla ya jua la Marquette,
na jua lenyewe, Februari, halijui saa;
lingekuwa kadeti lingekwisha pigishwa pushapi hamsini.

Natoka majini, nakimbilia gwaride na nywele mbichi.
Hatua mia nne, mlango wa bwawa hadi safu ya kikosi.
Nimezihesabu.
Nikifika ya mia mbili nywele zimekuwa vijiti,
zinagongana chini ya kofia kama shanga.
Sajenti Lajoie hunusa klorini, hasemi kitu,
ila siku moja: "Kinnunen, wewe samaki au askari?"
Nikajibu, "Ndiyo, Sajenti."
Kikosi kizima kikacheka bila kutikisa bega.

Jina langu la kwanza ni Rauha.
Kwa Kifini cha mama wa babu yangu, maana yake amani.
Karani wa mkataba aliliandika hivyo hivyo,
akanisogezea kalamu:
serikali italipa karo na vitabu, miaka minne;
mimi nitalipa minane,
mingine kwa buti, mingine kwa kusubiri simu.
Chuo kilikwisha nipa nusu ya chumba na chakula
kwa ajili ya mabega yangu.
Baba, fundi wa mikanda kwenye mgodi wa chuma,
alijumlisha nyuma ya bahasha ya bili ya umeme,
akajumlisha tena, akavua miwani.
"Kwa hiyo hatudaiwi?"
Hatudaiwi, Baba.
Nadaiwa mimi.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.
Sawa.
Ila aliyesema hakusema lolote
kuhusu kuyavulia nguo, kuyaoga,
na kuvaa sare kabla hujakauka,
kisha kusinzia kwenye somo la takwimu
kalamu ikichora mstari mrefu ukingoni mwa daftari
mpaka mezani.

Jumamosi ya tatu ya mwezi, fainali ya kanda
na zoezi la porini vikaangukia tarehe moja.
Kocha Vandermolen: "Zamu ya mwisho ni yako. Nimpe nani?"
Kapteni hakupandisha sauti.
Alifungua faili, akanionyesha saini.
Ilikuwa nzuri, ile saini. Nilikuwa na miaka kumi na minane.

Nikaenda msituni.
Usitafute ushujaa hapo;
nilipiga hesabu ya Baba, nyuma ya bahasha.

Usiku, dira shingoni, theluji magotini,
natafuta nguzo ya tano kati ya misonobari.
Hatua sitini na nane za mguu wa kushoto, meta mia.
Mara nikajikuta nageuza kichwa kila hatua ya tatu
kuvuta hewa upande wa kulia,
kama kwamba giza lingeniingia mdomoni.

Saa mbili na dakika kumi na mbili
nikajua wamepanda majukwaa.
Nikasimama. Haikuruhusiwa kusimama.
Nikahesabu sekunde hamsini na nne, zamu yangu,
vidole vikifunga na kufungua ndani ya glavu,
kisha nikanyoosha mkono nikagusa mti uliokuwa karibu.
Gome, barafu. Hakuna aliyepiga kelele.
Nguzo ya tano ilikuwa hatua tisa mbele.

Simu zetu zilirudishwa Jumapili adhuhuri.
Ujumbe mmoja, kutoka kwa Brynn:
*Wa pili. Kwa ukucha.*
Niliusoma kwenye foleni ya kukabidhi dira.
Nikakabidhi dira.

Jumatatu, saa kumi na moja kasoro dakika kumi.
Juu ya jukwaa la njia yangu kuna kofia ya sufu,
rangi ya majani ya jeshi, imefumwa vibaya,
sikio moja refu kuliko jingine.
Haina jina.
Wenzangu watatu wamesimama ukingoni
wanayakodolea maji macho
kana kwamba ndiyo kwanza wanayaona.