Thelathini na Tano

Baba alikuwa na kilo sitini na moja,
pamoja na kofia, pamoja na mkate wa mchana mfukoni.
Ndiye aliyeikaza springi hii,
akaitia alama nyekundu
kwa rangi ya kucha aliyoiiba kwa Mama.

Kaka yangu Gašper ana mia na kumi na nne.
Hakuzitaja. Nilizisoma mwenyewe
kwenye mizani ya viazi, ghalani,
naye kageukia dirisha, anaitazama milima ya Trenta
kana kwamba ndiyo inayopimwa.

Jumapili alipanda nayo Vršič.
Kona za upande wa pili zimetandikwa mawe
na kila jiwe alilipokea kwa uti wa mgongo.
Nyuma imekaa kitako, mbele imeinua pua,
taa inamulika vilele vya misonobari
na barabara iko huku chini, gizani, peke yake.
Kona ya kumi na tisa pikipiki ilikataa kuinama,
ikataka kwenda moja kwa moja, bondeni.
Alirudi akiikokota.
"Ni mimi," akasema. "Nimeizidi."

Nikamwambia alete futi kamba.

Kazi hii haina mtu mmoja.
Mmoja akae, mmoja ashike usukani,
mmoja apige goti kwenye grisi asome namba.
Zamani Baba alikaa, mimi nilishika,
Gašper, miaka tisa, alizisoma namba
kwa sauti ya dalali wa ng'ombe.
Sasa kuna nafasi wazi.
Mama akaja na aproni, unga hadi viwikoni,
akaushika usukani bila kuombwa,
kama anayeshika pembe za mbuzi asiyemwamini.

Kutoka ekseli hadi bolti ya mkiani:
gurudumu likining'inia, mia sita na kumi.
Gašper akikaa, mia tano thelathini na tisa.
Imezama sabini na moja.
Nusu yake tu ndiyo inayotakiwa.

Nikatia spana ya ndoano.
Robo. Robo tena. Nati inalia,
alama nyekundu ikazunguka nyuma, ikapotea,
nikakaza hadi uzi wa mwisho.
Akakaa: thelathini na sita!
Akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.
"Shuka," nikasema.
Nikapima pikipiki tupu.
Sifuri. Haibonyei hata kidogo,
imesimama kwa ncha za vidole, magoti yamekaza,
haina pa kushukia ikikuta shimo.
Namba moja ilikuwa imetudanganya
na ya pili ikaisema.
Kukaza hakuipi springi nguvu,
kunaibana pumzi tu.

"Basi niiuze," akasema.
"Basi uifungue," nikasema. "Springi hii ilinunuliwa kwa mtu mwingine."
Hakuna aliyejibu. Mama alikuwa akijifuta unga
palipokuwa hapana unga.

Mpya ilikuja baada ya siku kumi na moja,
ya njano, nene kama kifundo cha mkono wake.
Tuliibana ile kuukuu kwa vyuma viwili, tukaitoa kwenye shokapu,
Mama akaiweka mezani, akaikandamiza kwa viganja vyote.
Haikushuka hata unywele.
"Baba yenu aliwezaje?"
"Aliikalia tu, Mama."

Tukapima. Tupu, kumi na mbili.
Gašper akapanda na buti, na koti, na kofia,
akanyoosha mgongo kama mtoto anayepimwa urefu ukutani.
Mimi nilikuwa nashika. Goti kwenye grisi lilikuwa la Mama,
miwani imeteleza hadi puani.
"Thelathini na tano!" akanadi,
hadi mbwa wa jirani akabweka.

Bado skrubu ya chini, nikawaambia,
ile inayozuia springi isikurushe:
ta, ta, nusu mzunguko, halafu uende hadi darajani
urudi uniambie, usiseme tu ni nzuri.

Mama aliingia ndani, akatoka na kichupa.
Rangi ya zambarau.
Akachuchumaa, akapaka nati mstari mmoja, akaupulizia ukauke.
"Hii," akasema, "hakuniibia mtu."