Vumbi la Mostar

Viatu vyangu bado vina vumbi jeupe,
sijavipangusa tangu Ijumaa.
Mama avisukuma kwa ncha ya ufagio:
"Huko ulikokwenda hakuna maji?"

Yako, mama. Kijani, baridi ya kung'ata mifupa,
na juu yake daraja la mawe
lililovunjwa vitani, likajengwa upya.
Nilinywa kahawa kwa kikombe kisicho mkono,
kama chetu. Adhana ikalia
nikageuka kuitafuta Kibokoni.

Leo, Mlango wa Papa, Shekue wa Bi Nana
ajitupa majini kichwa chini,
wenziwe wapiga makofi.
Mimi nimebana pumzi
kwa ajili ya yule kijana wa darajani
niliyemwacha hewani.
Sikumngoja aibuke.
Basi lilikuwa laondoka.