Saa Kumi na Mbili, Sarajevo

Razija hapandi tramu, ingawa alikata tiketi humo
miaka ishirini na sita.
"Mji," ananiambia, "haujulikani kwa makalio."
Basi tunatembea. Goti lake linalia kama bawaba,
viatu vyangu vipya vinanitafuna kisigino.

Tunaanzia Bistrik, mteremkoni, penye harufu ya kimea
kutoka kiwanda cha bia. Hapa, asema, palikuwa na bomba
ambalo halikukauka mji ulipozingirwa.
Madumu mawili, lita kumi kila mkono,
na hatua mia nne na kumi na mbili hadi mlangoni kwake.
"Wengine walihesabu kwenda. Mimi kurudi tu."

Daraja. Chini yake Miljacka,
mto mwembamba, rangi ya chai iliyopoa.
Ng'ambo, mafundi wa shaba wanagonga,
mmoja akitua mwenzake adaka,
na kijana, Vedad, anachora maua juu ya ganda la risasi
liwe kalamu ya kuuzia wageni.
Nauliza bei.
Razija ananivuta mkono: twende.

Duka analiita dućan. Sanduku, sanduk. Kahawa, kahva.
Maneno yananijia kama ndugu waliolelewa ugenini,
pua ile ile, lafudhi nyingine.

Kisha, chini ya miguu, ua jekundu:
utomvu uliomiminwa katika kovu la lami
pale kombora lilipotua.
Nainama nipige picha.
Yeye analizunguka kwa mbali,
kama mtu azungukaye kitanda cha aliyelala.
Hasemi ni nani. Siulizi.
Simu nairudisha mfukoni.

Mnara wa saa, jua la Machi linazama.
Saa yangu ya mkononi inaonyesha sita, kama kawaida yake;
tangu utotoni tunafundishwa kuiona sita
na kutamka kumi na mbili,
macho yakisema hivi, ulimi vile.
Lakini huko juu mishale yote miwili
imesimama wima, imeshikana:
kumi na mbili, jua likitua.
"Wageni husema imeharibika," asema Razija.
Nacheka mpaka njiwa wanaruka.
Mama, ukubwani huu wote,
ndiyo kwanza naona saa inayosema ninachosema!
Namweleza. Anatazama mnara, ananitazama mimi,
anafungua mkoba, ananigawia nusu ya mkate wake.

Tunarudi kupitia bombani. Kuanzia hapo
midomo yake inacheza, haitoi sauti.
Nami nyuma, nikichechemea, nahesabu kwa Kiswahili,
moja, mbili, nikipoteza, nikishika tena,
ukuta, paka, ngazi, dirisha lenye mwanga,
hadi mlangoni.
Zangu zimezidi kwa hamsini na tatu.

Anatafuta ufunguo muda mrefu.
"Ndiyo," asema. "Wewe hujawahi kukimbia hapa."